Siku ya Akiba

Ukitaka kujua nani mwenye nguvu katika wodi ya wanawake ya hospitali ile, usihangaike na madaktari. Mtafute mwenye penseli. Penseli hiyo, pamoja na rula ndefu na kifutio kilicholika nusu, ilikuwa ya muuguzi mkuu wa wodi, mama mmoja wa sauti ya pole na macho yasiyopitwa na jambo, ambaye wenzake walimwita Dada Ratiba. Yeye ndiye aliyepanga zamu za wauguzi ishirini na mmoja, na yeye ndiye aliyejaza ubao wa likizo nyuma ya mlango wa ofisi. Alijua nani anaozesha binti mwezi gani, nani anasingizia mgongo na nani mgongo unamuuma kweli. Watu walimletea machungwa wapendelewe. Aliyala machungwa, akashukuru, kisha akapanga vile vile alivyokuwa amekusudia tangu mwanzo.

Kando ya ubao ule lilining'inia daftari kwa uzi, na juu yake pameandikwa MAOMBI. Kila muuguzi aliandika humo siku anazozitaka na asizozitaka, na Dada Ratiba hakugusa penseli kabla hajalisoma lote. Ndiyo maana wodi yake haikuwa na manung'uniko kama wodi nyingine. Jina moja tu halikuonekana kwenye ubao wa likizo mwaka wa tatu sasa, na jina hilo lilikuwa lake.

Metroni, mkubwa wao wote, alimwita ofisini kwake akamwonyesha karatasi.

"Siku zako za likizo zinaoza hapa. Mwaka juzi zimepotea, mwaka jana zimepotea. Unamwekea nani?"

"Nitazichukua, Mama."

"Lini? Siku ya mazishi yako?"

Dada Ratiba akacheka kidogo, akaondoka. Hakumwambia metroni ukweli, kwa sababu ukweli ulikuwa unamtia aibu. Likizo ya mwisho aliyoipanga ilikuwa imemwendea vibaya kuliko zamu yoyote, na mtu aliyeiharibu alikuwa yeye mwenyewe.

Miaka mitatu nyuma alikuwa amewachukua mumewe na watoto wao pacha kwenda mji wa ziwani kwa siku tano. Alichagua wiki ile shule zinapofungwa, wiki ambayo kila mwenye mtoto na nauli yuko barabarani. Akachora ratiba ya kurasa nne: saa, shughuli, mhusika. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kuamka, wote. Saa kumi na mbili, chai, wote. Saa kumi na mbili na robo, mizigo na tiketi, Baba Pacha. Hakumuuliza mtu chochote. Basi likachelewa saa tano, wakafika wakakuta chumba chao kimeshapewa mwingine, wakajibana wanne katika kijumba kilichopakana na jenereta. Mtu mwenye akili zake angesema basi, tulale tupumzike. Yeye akafidia. Akasogeza ya jana kuja leo, na ya leo akayabana na ya kesho, akawakimbiza familia nzima mji mzima kama wanaofukuzwa na polisi. Siku ya nne, kwenye foleni ya mashua ya kwenda kisiwani, baada ya kusimama juani saa mbili na nusu, mumewe aliweka chini sanduku bovu la magurudumu matatu, akalikalia.

"Hapa siondoki," alisema. "Nilikuja kupumzika, Mama Pacha. Sikuja kulazwa wodini kwako."

Pacha walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Na walipokuwa wanarudi, mumewe akamwambia bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angelisema kwa hasira: "Nyumbani tutakaa vizuri mimi na wewe. Lakini safari nyingine, usinihesabu."

Basi hakumhesabu. Wala hakujihesabu.

Sasa huyo Baba Pacha alikuwa mwokaji mikate. Alitoka kwenda bekari saa moja jioni, akarudi saa kumi na mbili asubuhi na unga kwenye nyusi. Mkewe alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi saa moja jioni. Kwa miaka ishirini na miwili ndoa yao iliendeshwa mlangoni. Asubuhi mume alimpa mke mkate wa moto uliofungwa kwenye karatasi, mke akampa mume ufunguo. Jioni mambo yakawa kinyume, mke akapokea ufunguo na busu la shavuni. Siku ya mapumziko ya mume ilikuwa Jumatatu, ya mke Jumapili. Ungesema kuna mtu aliyewapangia ili wasionane, na ungekuwa umekosea, maana kila mmoja alikuwa amejipangia mwenyewe kwa nia njema. Pacha walipokuwa nyumbani haikuonekana shida. Kulikuwa na kelele za kutosha, na mmoja wa wazazi alikuwepo kila saa. Kisha pacha wakaenda chuo, wote wawili wiki moja, na nyumba ikanyamaza.

Siku moja wodi ilipigwa dawa ya wadudu, wagonjwa wakahamishiwa wodi nyingine, wauguzi wakaruhusiwa mapema. Dada Ratiba akafika kwake saa nane mchana. Mumewe alikuwa ameshaamka, ameketi mezani anasoma gazeti, na puani ana miwani.

"Miwani ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Tangu lini?"

Baba Pacha alihesabu kwa vidole. "Mwezi wa tatu huu."

"Miezi mitatu! Na hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, Mama Pacha?"

Hakulisema kwa kumchoma. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa, akarudi kwenye gazeti lake. Lakini mkewe alibaki amesimama na mkoba begani. Yeye anajua presha ya kila mgonjwa wa kitanda cha kwanza mpaka cha thelathini, na hajui kwamba macho ya mumewe yamepungua nguvu. Aliogopa. Aliona mbele yake miaka kumi, miaka ishirini ya mkate na ufunguo, mpaka siku watakapostaafu na kukaa sebuleni wakitazamana kama wageni kwenye chumba cha kusubiri daktari. Akasema moyoni: nitampata wiki moja. Wiki moja tu, nione kama bado tunajuana. Kisha akakumbuka kwamba mtu mwenyewe alishasema asihesabiwe, na aliyemfikisha hapo ni yeye.

Alilibeba jambo hilo kama wiki mbili, anakuna kichwa, hana wa kumwambia. Jibu lilikuja mahali alipokuwa halitarajii kabisa, kwenye mdomo wake mwenyewe.

Alikuwa amepewa msaidizi, mama wa makamo aliyehamia kutoka hospitali nyingine, na ilimbidi amfundishe kupanga zamu. Wakakaa ofisini, karatasi kubwa mezani.

"Mimi kule nilikotoka," alisema msaidizi, "hatukuwa na daftari la maombi. Unapanga tu, wao wanafuata."

"Thubutu! Ukimpangia mtu bila kumuuliza, anakuja mwili tu. Roho ameiacha kwake."

"Haya. Na muuguzi huyu hapa mbona umemwacha mtupu? Hana kitanda, hana dawa, hana chochote."

"Huyo ni wa akiba. Leo mtu ataugua, kesho atafiwa, keshokutwa wagonjwa wataletwa sita kwa pamoja. Ratiba isiyo na mtu wa akiba inakufa siku ya kwanza. Halafu utawakimbiza hao wengine mpaka wakuchuki..."

Hakumaliza. Penseli ilibaki hewani, mdomo wazi.

"Dada, vipi? Presha?"

"Hapana," alisema Dada Ratiba taratibu. "Nimesikia mtu anasema kitu cha maana."

Jioni ile alipita dukani akanunua daftari la kurasa arobaini na nane. Akalitoboa, akalipitisha uzi, akalitundika jikoni kwenye msumari wa ufunguo, mahali ambapo mumewe hawezi kupita bila kuligusa. Juu aliandika: MAOMBI YA LIKIZO. Andika unachotaka. Na usichotaka.

Siku ya kwanza ukurasa ulibaki mweupe. Siku ya pili alikuta maneno mawili kwa kalamu ya bluu, na alama ya kidole cha unga: "Likizo gani?"

Akaandika chini yake kwa penseli: "Yetu. Mimi na wewe."

Siku mbili kimya. Mlangoni mkate ulikuja, ufunguo ukaenda, hakuna aliyelitaja daftari. Siku ya tatu: "Nilishasema usinihesabu."

Hapo mwanamke mwingine angefunga virago vya matumaini. Huyu wetu alikuwa ameshakaa na wagonjwa wabishi miaka ishirini na mitano, hakutishika. Aliandika: "Sijakuhesabu. Nauliza tu, kama ungehesabiwa, ungetaka nini?"

Kumbe mtu akiulizwa anataka nini, hata kama amenuna, mkono unawasha. Kesho yake ukurasa ulikuwa umejaa.

"Nisiamshwe.
Nisione foleni.
Lile sanduku libaki nyumbani.
Nile mkate uliookwa na mtu mwingine.
Ziwa nalitaka. Ziwa halikuwa na kosa."

Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: "SIJASEMA NAKUJA."

Dada Ratiba alilisoma akiwa amesimama na mkoba wa kazi begani, akacheka peke yake jikoni mpaka machozi. Miaka ishirini na miwili hakujua kwamba mumewe anatamani mkate wa mtu mwingine.

Akaingia kazini sasa, kazi anayoiweza. Aliandika daftarini kwamba wiki ya kwanza baada ya shule kufunguliwa nyumba za wageni huwa tupu na bei hushuka. Jibu likaja: "Wiki hiyo bekari haipumui. Watoto wote wanataka mkate wa kwenda nao shule. Labda ya tatu." Akachukua kifutio, akafuta. Angepanga kimya kimya kama zamani, angechagua ile wiki moja ambayo mumewe asingeweza kabisa kutoka, kisha angeona kwamba ananuna bure.

Namba ya nyumba ya wageni aliipata kwa mgonjwa mmoja mwenyeji wa mji ule wa ziwani. Akapiga mwenyewe, hakuandika ujumbe, akamuuliza mwenye nyumba maswali kama anayempokea mgonjwa mpya.

"Maji yanatoka siku zote? Jenereta iko upande gani? Stendi mpaka hapo ni mwendo gani? Bekari ipo karibu?"

"Mama," alisema mwenye nyumba, "unakuja kulala au unakuja kukagua?"

"Vyote viwili, dada yangu."

Mwenye nyumba akacheka. Wiki hiyo, alisema, wageni hakuna, bei ni nusu ya ile ya msimu. "Ukilala siku sita, ya saba ni juu yangu. Na chumba utachagua mwenyewe, vyote vitakuwa vinakutazama." Dada Ratiba akakumbuka kile kijumba cha jenereta walichokilipia mara mbili ya hapo, akauma midomo.

Kisha akaenda kwenye ubao wa likizo nyuma ya mlango, na kabla ya kuandika jina la mtu yeyote mwingine katika robo ile ya mwaka, akaandika lake. Wauguzi walipita mmoja mmoja kutazama, kama watu wanaotazama picha ya mtoto aliyezaliwa. Metroni alipita pia. Alitia sahihi papo hapo, na metroni hakuwa mtu wa papo hapo.

Ratiba yenyewe ilikuwa nusu ukurasa. Siku ya kufika haikuwa na kitu ila kufika. Kila siku iliyofuata ilikuwa na jambo moja tu. Na siku ya tano iliandikwa neno moja: akiba. Aliiacha mezani. Jumatatu jioni alimkuta mumewe amevaa miwani, ameishika karatasi ile, anaigeuza nyuma na mbele.

"Upande wa pili uko wapi?"

"Hakuna upande wa pili."

"Hii si ratiba yako."

"Yangu peke yangu, hapana."

Baba Pacha alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Sijasema nakuja," alisema. Lakini Jumatatu iliyofuata mkewe alikuta mashati mawili yamenyooshwa na kutundikwa mlangoni, na mtu aliyekuwa amenyoosha hakuwa yeye.

Walisafiri Jumatano ya wiki ya tatu, katikati ya wiki, basi nusu tupu, begi moja la mkononi. Wakafika saa tisa. Mume akalala mpaka kesho yake saa tatu asubuhi, na mke akakaa kitandani kwa upande wake, mikono mapajani, akipambana na nafsi yake asimwamshe. Alishinda. Si vita vidogo hivyo.

Siku ya tatu ilikuwa ya kisiwani. Hiki kisiwa ndicho walichokikosa mwaka ule wa sanduku, na ingawa hakumwambia mtu, yeye alikuwa anakidai. Walishuka gatini mapema, hakuna foleni, hakuna mtu, ila mwenye mashua amechuchumaa juu ya injini iliyofunguliwa.

"Leo haiendi, wazee wangu," alisema. "Kesho, au keshokutwa. Kifaa kinakuja na basi."

Dada Ratiba alirudiwa na ile haraka yake ya zamani. Mkono wake uliingia mkobani ukaishika karatasi. Kichwani mambo yalishaanza kusogea yenyewe: soko lije leo, kisiwa kiende Jumamosi, Jumamosi ibanwe na Jumapili, waamke saa kumi na mbili. Akageuka kumwambia mumewe, na akamwona. Baba Pacha alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono magotini, macho chini. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasubiri kupangiwa, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba hii siku itafika.

Akaitoa karatasi mkobani, penseli nayo. Akakata neno akiba kwenye siku ya tano, akaliandika kwenye siku ile.

"Leo tunaitumia ile ya akiba," alisema.

Mumewe aliinua uso. "Halafu?"

"Halafu basi."

"Sasa tufanye nini?"

"Sijui."

Baba Pacha alimtazama mkewe. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima, mpaka mwenye mashua akaacha injini. "Rudia," alisema. "Tafadhali, Mama Pacha, rudia. Miaka ishirini na miwili sijalisikia hilo neno."

"Sijui! Sijui, umesikia?"

Wakarudi taratibu, wakapita bekari ya pale, wakanunua mkate. Walikaa barazani kwa mwenye nyumba, chai mbele yao, ziwa kule chini limetulia. Baba Pacha aliumega mkate, akaunusa, akautafuna macho yamefumbwa kama hakimu.

"Chumvi imezidi," alisema, akala vipande vinne.

Baadaye, bila kuulizwa, akamwambia habari ya miwani. Chumvi ndiyo iliyomkumbusha. Siku moja kazini alisoma mizani vibaya, akatia chumvi mara mbili, na tanuri zima la mikate likatupwa. Mwenye bekari alinyamaza, na kunyamaza kule kulimtisha kuliko matusi. Alikuwa anafika nyumbani asubuhi akiwaza kwamba atafukuzwa, hana pa kulisemea, anapokea ufunguo, analala nalo. Miezi yote ile.

"Peke yako?" aliuliza mkewe.

"Wewe ulikuwa unawahi zamu."

Dada Ratiba alilia. Hakujificha wala hakujifuta haraka, kama anavyofanya wodini. "Naogopa kuzeeka na mtu nisiyemjua," alisema. "Nilipoiona ile miwani niliogopa sana."

"Mimi naogopa ile nyumba," alisema mumewe. "Nikirudi asubuhi, ukishatoka, nasikia friji tu."

Walikaa pale mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Waliongea habari za pacha, za mama mkwe, za goti la kulia la mke ambalo mume naye hakuwa na habari nalo. Hapakuwa na jambo la maana lililofanyika siku ile, na ndiyo siku ambayo Dada Ratiba huikumbuka akiulizwa likizo ilikuwaje. Kisiwani walikwenda siku ya tano. Kilikuwa ni mawe na ndege wachache, wala hakikustahili kugombewa na mtu yeyote.

Waliporudi, maisha yalishika njia yake. Bekari ni bekari, hospitali ni hospitali. Ila Baba Pacha aliomba mapumziko yake yahamishwe kutoka Jumatatu kwenda Jumapili, na mwenye bekari akakubali.

Asubuhi ya kwanza ya kazi walikutana mlangoni kama kawaida. Mke akapokea mkate wa moto, akanyoosha mkono kutoa ufunguo, akakumbuka ameuacha jikoni. Akakimbia kuuchukua. Daftari lilikuwa limefunuliwa ukurasa mpya, uzi umekunjwa vizuri, na juu ya ukurasa, kwa kalamu ya bluu, mwokaji alikuwa ameandika maombi yake ya mwaka unaofuata:

"Safari ijayo nihesabu. Siku za akiba ziwe mbili."